Chupa ya Macho Yaliyofumbwa

Safu hii imeshapita jikoni, imeshapita stoo, na mara iliyopita ilikaa kituoni ikingoja basi. Mara hii tunaingia bafuni. Wasomaji wetu wasione haya, maana hatumzungumzii mtu anayeoga bali chupa zilizomzunguka.

Tazama ukingo wa bafu katika nyumba yoyote ya wanafunzi hapa Uingereza. Watu wanne au watano wanatumia bafu moja, kila mmoja na vitu vyake: shampuu, kondishena, sabuni ya maji, na chupa moja au mbili za mpangaji aliyehama zamani ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa. Taa ikiwaka na miwani ikiwa usoni, hakuna taabu yoyote. Lakini chupa hizi hazitumiwi hivyo. Zinatumiwa miwani ikiwa imeachwa kwenye sinki, mvuke umejaa, mikono ina povu, na macho yamefumbwa yasije yakawasha. Hapo ndipo mtu anapotaka kujua ipi ni ipi, na hapo ndipo chupa inapokuwa bubu.

Sababu yake haijifichi. Chupa nyingi zimebuniwa kwa ajili ya rafu ya duka. Shampuu na kondishena za aina moja huvalishwa sare kama mapacha siku ya Idi: umbo moja, rangi moja, harufu moja, na tofauti yao ni neno moja dogo kwenye lebo. Kiwanda kinafaidika mara mbili. Mapacha wakisimama pamoja wanaonekana kutoka mbali, na kalibu moja ya plastiki inatoa chupa zote mbili. Pua, ambayo ingeweza kumsaidia anayeoga, nayo imenyimwa kazi, kwa sababu manukato ni yale yale.

Kuna viwanda vinavyoisimamisha chupa ya kondishena kichwa chini, juu ya kifuniko chake kipana, kwa kuwa kondishena ni nzito na huchelewa kushuka. Mkono ukizoea unaweza kuitambua kwa hilo. Lakini si kanuni. Wengine huzigeuza zote mbili, wengine hawageuzi hata moja, na ukibadilisha aina inabidi uanze kujifunza upya.

Japani walilichukulia jambo hili kwa uzito mapema kuliko wengi. Mwaka 1991 kampuni ya Kao ilianza kuuza shampuu yenye alama ya kupapasa: vijistari vifupi vilivyoinuka, vimepangwa kama ngazi ubavuni mwa chupa. Kondishena ikaachwa laini. Wazo lilitokana na wateja waliolalamika kwamba hawawezi kuzitofautisha chupa hizo mbili wanapoosha nywele, na alama yenyewe ilijaribiwa pamoja na watu wasioona kabla ya kuingia sokoni. Lakini kilichotupendeza sisi ni kilichofuata. Kampuni hiyo haikuing'ang'ania alama iwe yake peke yake. Iliwaalika washindani waitumie pia, kwa hoja rahisi kabisa: ikiwa kila kampuni itakuwa na alama yake, anayeoga atabaki gizani vile vile. Leo shampuu nyingi za Kijapani zina vijistari hivyo, na penye pampu mara nyingi vimewekwa hata juu ya kichwa chake, pale pale kidole kinapobonyeza. Baadaye sabuni ya maji ya mwili nayo ikapewa alama yake, mstari mmoja ulionyooka.

Angalia jinsi alama hiyo isivyohitaji lugha. Mtalii kutoka Lamu asiyejua neno moja la Kijapani anaweza kuoga hotelini Osaka na kuipata shampuu bila kumuuliza mtu, mradi ameelezwa mara moja.

Upande huu wa dunia mambo yamekwenda polepole. Mwaka 2019 baadhi ya chupa za Herbal Essences, za kampuni ya Procter & Gamble, zilitokea zikiwa na mistari iliyoinuka kwa shampuu na safu mbili za viduara kwa kondishena. Aliyelisukuma jambo hilo ni Sumaira Latif, mfanyakazi wa kampuni hiyo ambaye mwenyewe haoni. Hakuchagua maandishi ya nukta nundu, na tunaona alifanya la busara. Wasioona wengi hawakusoma nukta nundu, hasa waliopoteza uoni ukubwani. Na mtu mwenye macho mazima lakini yaliyojaa povu hazijui kabisa. Mistari na viduara anavijua kila mwenye vidole. (Kwa Kiingereza kuna bahati ya ziada: neno la mistari linaanza kwa herufi ile ile ya shampuu, na neno la viduara kwa herufi ya kondishena. Kwa Kiswahili bahati hiyo hatuna, lakini mistari kwa shampuu inaafikiana na ya Wajapani, na hilo linatutosha.)

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo madogo. Ukipaka kondishena badala ya shampuu, umepoteza nini? Unasuuza, unaanza tena. Kwa kijana mwenye macho yake, ni kweli. Lakini wengi wetu tuna wazazi wanaokuja huku kututembelea, na bafu letu ndilo linalowapokea.

Mama wa mwenzetu mmoja alikuja kutoka Tanga kukaa na binti yake miezi miwili. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na Kiingereza alichonacho ni cha salamu. Binti alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini, na nyumbani alibaki mkwe, kijana mwema, anayemheshimu mama kuliko kiasi. Siku ya nne au ya tano mama akamwambia binti yake, "Mwanangu, sabuni zenu za huku zinateleza tu, povu hazitoi. Au ni maji?" Hakuwa amekosea kuyashuku maji. Maji ya London ni magumu, yana chokaa nyingi, na kweli huzuia sabuni kutoa povu. Lakini safari hii maji yalisingiziwa. Mama alikuwa akiogea kondishena tangu siku aliyofika. Kondishena haikutengenezwa kutoa povu wala kuondoa uchafu, kazi yake ni kuacha utando mwembamba juu ya unywele ili ulainike. Kwa hiyo kila alipotoka bafuni alijihisi hajatakata, na akijipaka mafuta yake ya nazi juu ya utando ule ndiyo inazidi.

Tulipoisikia habari hii tulicheka, kisha binti akauliza swali lililotunyamazisha. Kwa nini mama hakumuuliza aliyekuwepo nyumbani? Kila aliyelelewa kwetu analijua jibu. Mama mkwe atamwitaje mkwewe mlangoni mwa bafu, amwoneshe chupa na kumuuliza ipi ni ya mwilini? Afadhali aoge na chochote. Kwake yeye neno moja dogo kwenye lebo lilikuwa ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndipo ilipokuwa stara yake.

Chupa iliyobuniwa vizuri ingemwachia mama huyu stara hiyo. Tunapowasikia watu wakisema alama za kupapasa ni kwa ajili ya walemavu wachache, tunamkumbuka yeye, ambaye hajiiti mlemavu na hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Kuitambua chupa ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuifungua. Kifuniko cha kuzungusha ni adui wa mkono wenye sabuni, na kwa mwenye yabisi ya vidole ni adui hata mkono ukiwa mkavu. Kifuniko cha kubinua kwa dole gumba ni nafuu, ikiwa tu mdomo wake umejitokeza vya kutosha ukucha usivunjike. Pampu ndiyo rahisi kuliko zote: mkono mmoja unabonyeza, chupa imesimama pale pale, na kila mbonyezo unatoa kiasi kile kile. Ubaya wake ni springi na vipande vingine vya ndani, ambavyo huwapa tabu wanaorejeleza plastiki. Dawa za kwapa nazo zina kasoro zake. Karibu zote zinadhani mtu ana mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kufungulia. Mwaka 2021 Unilever ilionesha mfano wa dawa ya kwapa iliyoitwa Degree Inclusive, yenye ndoano ya kuitundika, sumaku za kukirudisha kifuniko mahali pake, na maelezo ya nukta nundu. Ukiiona picha yake unajiuliza kwa nini zote zisiwe hivyo, maana ndoano haimsumbui hata mwenye mikono miwili.

Kisha kuna tone la mwisho, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni la fedha. Sote tunaijua dawa ya kienyeji: tia maji kidogo, tikisa, mimina. Inafaa, lakini tumia siku hiyo hiyo au ya pili. Kihifadhi kilichomo kwenye shampuu kimepimwa kwa uzito wake wa asili, na ukiiongezea maji na kuiacha wiki mbili kwenye joto la bafuni unaweza kuwa unafuga vijidudu. Wabunifu wamelihangaikia tone hili kuliko unavyodhani. Ule utando laini wenye mpasuo mdomoni mwa chupa zinazosimama kichwa chini, unaofunguka ukiminya na kujifunga ukiachia, ni silikoni, na ulitumika kwenye shampuu kabla ya kuhamia kwenye tomato ya chupa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Bharat Bhushan na Philip Brown, walionesha jinsi ya kuupa ukuta wa ndani wa chupa vijiumbo vidogo mno vya silika, sabuni isishike bali iteleze mpaka tone la mwisho. Kiwanda kinachouza sabuni kwa chupa sijui kina haraka gani ya kukununulia teknolojia hiyo, lakini ipo.

Nyumbani nako kuna kifungashio ambacho hakuna mbunifu aliyewahi kukioga nacho: kipakiti. Kinauzwa dukani mtaani kwa shilingi chache, na kwa mwenye kipato cha siku kwa siku ndicho kinachomwezesha kununua shampuu kabisa, kwa hiyo hatutakibeza. Lakini jaribu kukichana kwa vidole vyenye maji. Mwisho unatumia meno, na nusu ya shampuu inaingia kinywani. Kikishaisha, matabaka yake ya plastiki na foili yaliyogandamana hayarejelezeki kirahisi, nacho huishia mtaroni.

Wanaosomea ubunifu miongoni mwetu (tunajua mpo wawili watatu) wasidhani kazi hii inangoja makampuni makubwa. Deborah Adler alikuwa mwanafunzi New York bibi yake alipomeza kwa bahati mbaya dawa za babu, kwa kuwa chupa zao zilifanana. Akaibuni upya chupa ya dawa kuwa kazi yake ya shahada: ubavu bapa wa kuandikia kwa herufi kubwa, na baadaye ikaongezwa pete ya rangi kwa kila mtu wa nyumbani. Mwaka 2005 maduka ya Target yakaanza kuitumia kote Marekani. Kisa ni kile kile cha mapacha wasiotofautishwa, ila kwenye dawa gharama yake ni uhai.

Wakati tunangoja, bafu letu wenyewe lipo. Tumejaribu njia kadhaa, na iliyotushinda kwa urahisi ni rababendi. Moja kwenye shampuu, mbili kwenye sabuni ya mwili, kondishena usiiwekee kitu. Zifunge juu karibu na shingo, mkono unapofikia kwanza. Wasioona wengi wanaitumia njia hii siku zote. Rangi ya kucha pia inafaa: dondosha matone matatu yaliyovimba ubavuni, yaache yakauke usiku kucha. Jambo moja msifanye ni kuhamishia jiki au dawa ya kusafishia choo kwenye chupa tupu ya shampuu, hata kwa siku moja, hata kama mmeandika juu yake. Aliyefumba macho hasomi.

Mzazi akija, mpe chupa mkononi akiwa bado sebuleni, amevaa, amekaa. Apapase mwenyewe: hii yenye mbili ya mwilini, hii yenye moja ya nywele, hii tupu uiache. Mama wa Tanga alihitaji dakika moja tu, na kesho yake akaomba tuzifunge na chupa za viungo jikoni.

Za kununua huoza upesi kwenye maji ya moto. Zinazodumu ni zile pana zinazofunga mboga dukani, na zile ambazo watu wa posta huziangusha barabarani wakigawa barua. Okoteni, ni za bure.