Mushipa uliokatika haungojei

Kila mutu wa mu shimo anajua bei ya mukono. Jiwe likianguka ao waya ukikatika, ngozi inafunga, mufupa unaungana, lakini vidole vinabaki kama vya mutu mwingine. Havisikii moto, havishiki nyundo. Juu ya nini? Juu mushipa wa fahamu umekatika ndani.

Habari njema iko. Mushipa wa mukono ao wa muguu unaweza kuota tena. Ukikatika, seli zinazouzunguka, zile za Schwann, zinageuza kazi: zinafagia takataka, zinafungua njia. Kati ya wanaoongoza kazi ile kuko vipande vidogo sana, mikro-ARN, kila kimoja cha herufi karibu 22. Havijengi kitu. Vinazuia barua ambazo seli inaandika ili kutengeneza protini, kama kapita anayesimamisha mashine moja ili ingine ipite. Mu panya, kimoja, miR-222, kinaongezeka kisha mushipa kukatwa, na kinapunguza PTEN, protini inayozuia mushipa kuota. Victor Ambros na Gary Ruvkun, waliovumbua mikro-ARN, walipata Nobel mu 2024.

Lakini tuseme kweli: dawa hiyo haijafika ku lupitalo. Mwenye kuwauzia leo sindano ya kuotesha mishipa anawaibia. Tena mushipa unaota polepole, karibu milimita 1 kwa siku. Toka kiwiko mpaka vidole, sentimita 30 na zaidi, hesabu miezi 10 na zaidi. Na nyama ikikaa bila mushipa mwaka na nusu hivi, inakauka, hairudi vizuri.

Kwa hiyo siku ni mali. Tunaambia wakubwa wa kompani: mutu aliyekatwa asishonwe ngozi tu ku dispansari na kurudishwa kazini. Apelekwe mbio kwa munganga wa kupasua anayejua kushona mishipa, na ajali itangazwe ku CNSS. Ma koperative ya wachimbaji nayo yaweke sanduku ya safari ya mugonjwa, mbele ajali haijafika.

Na ninyi wamama na wababa wa nyumba, siku ile ile mumuulize: vidole vinasikia? Akijibu hapana, musikubali kuambiwa "itapita". Elimu inatafuta dawa, lakini mukono wa mutu wenu hauwezi kuingojea.