Karibu kwa ramani tu
Wasee, Unguja mpaka Pemba kwa ndege ni kama kilomita 125. Ikishapaa, nusu saa hivi mko Chake Chake. (Foleni ya uwanjani hawahesabu, najua.) Sasa Kambi Muru mpaka tao haifiki hata kilomita 10, lakini asubuhi ya mvua hiyo nusu saa inakupata bado Ngong Road, unaangalia mgongo wa lori. Halafu bosi anakwambia, "Si unakaa hapo tu?" na anakukata pesa ya siku. Hapo tu kwa ramani! Aulize dakika. Na wengi mtaani hata matatu hawapandi, wanatembea mpaka Industrial Area, maana mvua ikinyesha nauli inapanda na mshahara ni ule ule.