Nani Astahili Kukabidhiwa Askari?



Kila mara Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, ofisi ya parokia hupata wageni wengi. Ni vijana wetu, wa kwaya, wa VIWAWA na hata wale tusiowaona kanisani tangu siku ya Kipaimara, wanaoomba barua ya kuwatambulisha kuwa ni watu wenye tabia njema. Mikononi wameshika tangazo lenye sifa zinazotakiwa: uraia, umri, cheti cha kidato cha nne au cha sita, stashahada au shahada, afya njema, mwili usiochorwa alama, na kutokuwa na kumbukumbu ya uhalifu. Sifa hizo ni njema, nasi tunawatakia heri wanaozitimiza.

Hata hivyo, hizo ni sifa za kuingilia mlangoni. Kijana huyo akipita Shule ya Polisi Moshi, akatumikia miaka kumi au kumi na mitano, akapanda kutoka konstebo hadi mkaguzi na kutoka mkaguzi hadi mrakibu, siku moja atakabidhiwa kituo, au ofisi ya upelelezi, au wilaya nzima. Chini yake watakuwapo askari wenye silaha, chumba cha mahabusu chenye ufunguo, na kitabu cha kuandikia waliokamatwa. Je, kwa nafasi hiyo tunadai sifa zipi? Swali hili halibandikwi ukutani, na wananchi hawaulizwi. Naona wakati umefika wa sisi kuliuliza.

Sisi wa Mtwara tunayo sababu ya kulitanguliza. Mwezi Januari 2022, kijana mmoja mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea aliuawa hapa Mtwara, baada ya fedha zake kuchukuliwa akiwa mikononi mwa polisi. Askari polisi saba walishtakiwa kwa mauaji hayo. Mwezi Februari mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza uchunguzi, akihoji itawezekanaje polisi waue na polisi hao hao wachunguze. Mwaka 2025 Mahakama Kuu hapa Mtwara iliwatia hatiani wawili kati ya washtakiwa na kuwahukumu adhabu ya kifo. Watano iliwaachia huru. Wote wawili waliotiwa hatiani walikuwa maafisa wenye vyeo, na mmoja wao alikuwa ndiye mkuu wa upelelezi wa wilaya.

Siandiki haya ili tushangilie kitanzi. Kukata rufaa ni haki ya kila aliyetiwa hatiani, na Kanisa letu, tangu Papa Fransisko alipoibadili Katekisimu mwaka 2018, linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki, hata kwa mtenda kosa kubwa. Tanzania yenyewe haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994. Ninachotaka tukitafakari ni kitu kingine. Mtu hawi mkuu wa upelelezi wa wilaya kwa bahati. Amepita mafunzo, amepita mitihani, amepandishwa vyeo na watu waliomtangulia. Vyeti vilikuwapo. Basi katika msiba ule, upungufu tunaopaswa kuutafuta ni wa namna nyingine, ambao hakuna mtihani wa darasani unaoweza kuupima.

Naomba mnivumilie nieleze jambo nililoliona mwenyewe. Nilipokuwa padre kijana niliitwa usiku mara nyingi kwenda kituo kimoja cha polisi kumwombea mtu dhamana, nikifuatana na mwenyekiti wa kigango. Ukutani paliandikwa kwamba dhamana ni bure. Chini ya maandishi hayo askari wa zamu alituambia kwamba kalamu haina wino, nasi tulielewa wino unanunuliwaje. Mkuu wa kituo alikuwamo ofisini mwake, mlango umefungwa, na hakutoka. Mwaka uliofuata alihamishwa, akaja mwingine. Usiku wa kwanza niliokwenda baada ya mabadiliko hayo nilimkuta mkuu mpya amesimama kaunta, anasoma kitabu cha mahabusu mstari kwa mstari. Alikuta ndani yuko mvuvi mmoja ambaye jina lake halikuandikwa. Akaamuru liandikwe palepale, pamoja na saa aliyokamatwa, kisha akamwuliza askari wa zamu sababu ya kukamatwa kwake. Askari hakuwa na jibu. Mvuvi yule alilala kwake.

Askari wa zamu walikuwa wale wale. Mishahara yao haikuongezwa, nyumba zao zilikuwa zile zile za kubanana, na kituo hakikupata gari jipya. Kilichobadilika ni mtu mmoja tu, aliyekuwa juu yao. Tangu hapo sijaweza kukubaliana na wale wasemao kwamba polisi wetu wote ni wabaya, wala na wale wasemao kwamba ubaya ni wa askari mmoja mmoja na wakuu hawahusiki. Askari wa chini hujifunza kazi kwa kutazama kile ambacho mkuu wake anakikubali na kile anachokikataa.

Maandiko Matakatifu hayakuliacha jambo hili. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anamwona mkwewe Musa akielemewa na mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni. Anamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Kisha anataja sifa zao: wawe na uwezo wa kazi, wamche Mungu, waaminike, na wachukie mali ya dhuluma. Uwezo wa kazi umetajwa, tena umetajwa mwanzo, kwa maana mjinga mwenye moyo mwema naye huwaumiza watu. Lakini haukuachwa peke yake. Kwa mwanga huo napendekeza sifa nne ambazo kila mwananchi, Mkristo au Mwislamu, angeweza kuzidai kwa haki.

Ya kwanza ni kuijua sheria na kuiheshimu. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitishwa kuwa na hatia, na inakataza mateso. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaja mkuu wa kituo waziwazi: mtu aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 na kosa lake si zito, aachiwe kwa dhamana. Mkuu anayeyasoma maneno hayo kama kikwazo cha kazi yake hajafaa bado, hata akiwa na shahada mbili.

Ya pili ni kuchukia mali ya dhuluma. Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasimnyang'anye mtu wala kumsingizia, na waridhike na mshahara wao. Tangu mwaka 1995 nchi yetu ina sheria ya maadili inayowataka viongozi wa umma watamke mali zao. Roho ya sheria hiyo yafaa ishuke kwa vitendo hadi vituoni. Mtu akitaka kupewa kituo, na aeleze nyumba na magari yake aliyapata vipi. Asiye na la kuficha haoni uzito wa kueleza.

Ya tatu ni kukubali kuwa chini ya mwingine. Yule akida wa Kapernaumu, ambaye Bwana wetu aliistaajabia imani yake, alijitambulisha kwanza kuwa mtu aliye chini ya mamlaka, ndipo akasema kwamba naye anao askari chini yake. Mpangilio huo una hekima. Mkuu asiyehojiwa na yeyote hawezi kuwahoji askari wake. Mkuu mwema hufungua kitabu cha mahabusu mbele ya hakimu, wakili na ndugu wa aliyekamatwa, wala haoni kwamba ameshushwa cheo.

Ya nne ni kuwajua watu anaowalinda. Mwezi Mei 2013, wakati wa mgogoro wa bomba la gesi, mji wa Mtwara uliingia katika ghasia. Watu walipoteza maisha, mali zikateketezwa, wanajeshi wakaletwa mjini. Sitaki kufungua kidonda hicho upya. Nasema tu kwamba mahali ambapo wakuu wa usalama wana mazoea ya kuketi na wazee, masheikh, mapadre na vijana kabla ya hasira kupanda, hasira hupata pa kusemewa.

Najua liko pingamizi, na si la kudharau. Wengine watasema: Baba, mpaka wetu una moto. Mwezi Oktoba 2020 wauaji walivuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado wakakishambulia kijiji cha Kitaya. Mkuu wa namna unayoitaka, wa kusoma vitabu na kuketi na wazee, atatulinda? Nawajibu kwa heshima: huyo ndiye atakayetulinda. Mtu wa kwanza kuiona mashua ngeni kwenye mdomo wa Ruvuma si askari, ni mvuvi. Wa kwanza kuona nyayo za wageni kati ya mikorosho ni mama anayeokota kuni. Mvuvi aliyenyang'anywa samaki wake na askari, au aliyenunulishwa dhamana, akiiona mashua hiyo atageuza uso na kukaa kimya. Kituo kinachowadhulumu watu hujitoboa macho chenyewe, na mkuu wake, kwa ukali wake wote, analinda mpaka akiwa kipofu.

Je, sifa hizi zaweza kupimwa? Jirani zetu wa Kenya walijaribu. Katiba yao ya mwaka 2010 iliwaita polisi huduma ya taifa, na Desemba 2013 tume yao ya polisi ilianza kuwahoji maafisa wa ngazi za juu mmoja mmoja kuhusu mali zao, hesabu zao za benki na malalamiko ya wananchi. Baadhi yao waliondolewa kazini. Zoezi hilo halikumaliza ubaya wote. Mwezi Juni 2025 mwalimu kijana, aliyekamatwa kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, alifia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi, na mkuu wa kituo hicho akawa miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Kwa hiyo kuhojiwa mara moja hakutoshi. Lazima kurudiwe, na lazima malalamiko ya watu yawe na mahali pa kusomwa. Hapa kwetu, Tume ya Rais ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, nayo ilitaka polisi wageuke kutoka kutumia mabavu na kuwa watoa huduma. Mageuzi hayo yatasimama au yataanguka kwa watu watakaowekwa kuyasimamia vituoni. Naomba viongozi wetu wa serikali walikubali jambo dogo kwa kuanzia: kabla afisa hajapewa kituo au wilaya, wananchi wa mahali alipotumikia zuliwe waulizwe, na majibu yao yawekwe katika jalada lake.

Lakini haitakuwa haki kuwanyoshea wengine kidole na kumaliza hapo. Nami nimetia sahihi barua nyingi za utambulisho, na nakiri kwamba baadhi yake niliziandika kwa ajili ya vijana nisiowafahamu, kwa kuwaonea huruma wazazi wao. Sitafanya hivyo tena. Kuanzia sasa kijana anayetaka barua ya parokia atatoka kwanza kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo yake, na wanajumuiya watanieleza: akitumwa kununua kitu anarudisha chenji? Alipopewa usimamizi wa timu au wa kwaya, aliwatendeaje wadogo? Alipokosea alikiri? Mkuu wa kituo wa mwaka 2040 yuko leo kati ya watoto wanaotumikia altareni, na tabia yake tunaiona sisi kabla Serikali haijaiona.

Nasi wazazi tuache kuuza ng'ombe ili kumnunulia mtoto nafasi. Kijana aliyeingia jeshini kwa hongo ameingia na deni, na deni hilo litalipwa na mvuvi, na mwendesha bodaboda, na mama muuza samaki. Tukiombwa fedha ya dhamana tukatae, twende wawili au watatu, tuandike jina na saa, tupeleke taarifa kwa Tume yetu ya Haki na Amani. Akipatikana mkuu mwema, tusinyamaze pia. Tumwandikie mkubwa wake barua ya shukrani, ili wema nao uwe na kumbukumbu katika jalada.

Tuwaombee askari wote wanaokesha usiku huu kwenye vituo vya mpakani, mbali na watoto wao. Wengi wao wanatamani mkuu wanayeweza kumtii bila kuona aibu. Wao na sisi tunamngojea mtu mmoja.