Buriani kwa Mama wa Alimbongo
Huku Alimbongo, juu ya milima ya Lubero mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako ukungu wa alfajiri huifunika barabara ya taifa namba 2 iendayo Butembo, mwanamke huonekana ameinama, ukanda wa kikapu umemkaza kipajini, amebeba viazi vya sokoni ilhali mtoto amelala mgongoni ndani ya kitenge. Na mwanamke wa namna hiyo akifariki, mume hupotewa na mshauri, watoto hupotewa na kimbilio, na jirani hupotewa na sahibu. Marehemu mshairi wa Kiswahili Shaaban Robert (1909–1962) aliujua msiba huu, kwani alipofiwa na mkewe, Amina, hakuona haya kumlilia kwa shairi, na kwa hisani ya kalamu yake jina la mke yule lingali likisomwa hata leo. Mume wa Alimbongo huenda si mshairi, lakini hakosi ulimi wala kumbukumbu. Basi, ndugu msomaji, tusisubiri matanga ndipo tuzitaje fadhila. Tuwashukuru mama zetu wangali hai, na waliotangulia tuwasimulie watoto majina yao, kazi zao na wasia wao.