Waacheni Wamwagiwe Uteute

Kila nikikaa na wazazi wenzangu runinga imewashwa, lawama ni ileile: kichekesho cha watoto kisicho na funzo ni upuuzi, tena kinaua adabu. Mtoto acheke, sawa, lakini mwishoni atokee babu aeleze tumejifunza nini. Huyo babu mimi nimemchoka.

Chukueni You Can't Do That on Television, kipindi cha Roger Price kilichoanzia Ottawa, Kanada, mwaka 1979, kikavuma Marekani kupitia kituo cha Nickelodeon, hadi kikafungwa 1990. Waigizaji wengi ni watoto. Sheria yake kuu: ukisema "sijui", unamwagiwa uteute wa kijani kutoka juu. Ukisema "maji", unamwagiwa maji. Basi, watoto kutwa wanategeana. Mmoja anauliza kwa upole, mwenzake anajibu bila kufikiri, kisha anagutuka, anafumba macho, anangoja. Kule kungoja ndiko kunakochekesha. Uteute ukishateremka masikioni, mzaha umekwisha. Mnauita upuuzi? Jaribuni ninyi kuongea nusu saa bila kusema "sijui".

Na hiyo adabu? Watu wazima wa kiume karibu wote waliigizwa na mtu mmoja, Les Lye: baba, mwalimu, mpishi mchafu wa baga, hata kamanda wa kikosi cha kupiga risasi, ambaye mtoto aliyefungwa kwenye nguzo humlaghai mpaka amri ya "piga" inamrudia mwenyewe. Ninyi mnaona dharau. Mimi naona jinsi dunia ilivyo ukiitazama kutoka chini, ambako wakubwa wote wana sura moja.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akikuita ubaoni, na ukisema "sijui" unanyoosha mkono uchapwe. Hesabu haikutuingia. Kilichotuingia ni kubahatisha jibu lolote kwa sauti kubwa, ujanja ambao naukuta hadi leo kwenye vikao vya watu wazima wenye tai. Watoto wa Ottawa waliipata adhabu hiyohiyo ya "sijui", wakaipaka rangi ya kijani, wakaicheka. Mtu akicheka kitu namna hiyo, hakimtishi tena sana.

Sisemi kila kitu mle kilikuwa kizuri. Mzaha wa baga za yule mpishi ulirudiwa hadi ukachacha, na kipindi cha 1987 kuhusu watoto wa kuasili kilichoma pabaya, Nickelodeon ikakiondoa hewani. Haki yake. Wala sitawaambia kwamba mwimbaji Alanis Morissette alipita humo utotoni, maana na hilo mtaligeuza funzo.

Kwa hiyo mkiniuliza mtoto anayejigaragaza sakafuni kwa kicheko amejifunza nini, jibu langu ni sijui. Haya, nimwagieni.