Mpini wa Mti Katika Kisu cha Kukunja

Wasomaji wetu wa Kigobe, mvua zianzapo, visu vya kukunja vyenye mipini ya mti huingiwa na ukaidi. Kosa si la bapa. Mti, hata ukiisha kukatwa na kuchongwa, huendelea kunywa unyevu na kuutoa. Ukiunywa hufura, na mfuo unaolaza bapa hubana. Kiangazi cha Juni hadi Agosti husinyaa, na bapa hulegea. Bapa lililobana humkata mwenye kulivuta kwa nguvu. Lililolegea hujifunga juu ya vidole. Askari asipoteze kidole kwa ajili ya kumenya chungwa.

Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, alianza kutengeneza visu vyake vyenye mpini wa mti mwaka 1890. Pete ya chuma ya kulizuia bapa iliongezwa mwaka 1955. Mti peke yake hautoshi.

Mti mzito haunywi upesi: mpingo wa Tanzania, ambao ukitiwa majini huzama, hudumu kuliko mti mwepesi.

Basi nyumbani tushike haya. Kisu kisilowekwe pamoja na vyombo. Kifutwe, kiachwe wazi kivulini, wala si karibu na moto, maana mpini utapasuka. Upakwe mafuta ya kitani, ambayo hukauka ndani ya mti. Mawese hayakauki, huchacha. Kitambaa kilichopakia mafuta hayo kitandazwe nje, kwani kikikunjwa chaweza kuwaka chenyewe. Na kisu kilichobana kisivutwe, kikaushwe kwanza.