Soja, Leseni Iko Wapi?

Jamani, mimi huyu mnayemsoma hapa kila wiki niliwahi kuwa soja. Na kofia juu!

Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, kazi hakuna, nikasikia kampuni fulani hapa Nairobi inaandika watu. Hawakuniuliza cheti cha tabia njema wala kunifunza hata siku moja. Walinipa rungu, tochi isiyo na betri na koti lililoshonewa jitu, kisha bei ya koti wakaikata kwenye mshahara wa kwanza. Wa pili sikuuona. Nilipokwenda ofisini kudai, nikakuta pamegeuzwa kinyozi!

Kumbe Kenya ina sheria ya mambo haya tangu 2016. Soja awe raia, awe ametimiza miaka 18, apitie mafunzo na asajiliwe na mamlaka iitwayo PSRA. Kampuni nayo lazima isajiliwe huko huko. Wenzangu wengi hulalamika kwamba hayo ni ya kumkamua maskini, na kweli mafunzo na vyeti vinakula pesa ambazo huna. Lakini bwana, kampuni isiyosajiliwa utaishtaki wapi, na hata jina lake halijulikani?

Juzi binamu yangu alikuja mbio. Amepata kazi ya soja, ila kesho atoe elfu tatu za sare. Nikamwambia, "Wee, rudi kwanza uulize cheti chao cha usajili."

Alirudi jioni amenuna. Eti bosi amesafiri nacho.